Jibu: seli zilezile zinatoaje rangi ya ngozi na neva za utumbo?

Mkuu, umeuliza seli za kishungi cha neva zinawezaje kutoa rangi ya ngozi na pia neva za utumbo. Siri iko kwenye safari yake. Kuanzia wiki ya 3 ya mimba, mgongoni mwa kiinitete, bamba la neva (tabaka la seli litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo) hujikunja kuwa mrija. Seli za pale kingo zinapokutana, ndizo za kishungi cha neva, huachana na wenzake, zikahama. Njiani na zinakofikia hupokea ishara za kikemikali kutoka tishu jirani, na ishara hizo huwasha jeni za kazi husika.

Jumamosi pita mnada wa Msalato hapa Dodoma, utazame mbuzi wenye mabaka. Mara nyingi weupe uko tumboni. Seli za rangi hutoka mgongoni, na tumbo ndiko mbali. Zikiwa chache, hazifiki.

Seli za neva za utumbo nyingi hutoka usawa wa shingo, zikashuka kwa wiki kadhaa hadi karibu na njia ya haja kubwa. Zisipofika, kipande cha mwisho cha utumbo hakisukumi choo. Ndiyo maana kichanga asiyepata choo ndani ya saa 48 tangu azaliwe, tumbo likajaa, awahishwe hospitali. Tafadhali, asinyweshwe dawa za mitishamba nyumbani.