Simba asishuke korongoni kwanza

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa mbwa wa miezi miwili na nusu, anaitwa Simba. Kila jioni mbwa wa majirani hukusanyika korongoni nyuma ya nyumba, naye analia getini akitaka kuwafuata. Wanangu wananisihi nimwachie. Amechanjwa mara moja tu. Nifanyeje?
– Mama wa watoto watatu, Ipagala, Dodoma

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usimwachie bado. Kinachonitisha korongoni ni udongo kuliko hata meno ya wale wakubwa. Parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua watoto wa mbwa, huenea kwa kinyesi, na virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi. Mwaka jana nililetewa watoto wanne wa tumbo moja, wanatapika na kuharisha damu. Walilelewa kwenye ua ambao mbwa mwingine alikuwa amefia miezi mitatu nyuma. Ukiwavuta ngozi ya shingo, ilibaki imesimama, hairudi, maji yamewaisha mwilini. Nilikesha nao kwenye dripu. Alipona mmoja.

Chanjo moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizima. Irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa apate akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, hata kama hatoki getini.

Ila usimfungie peke yake, nakuomba. Umri huu ndio wa kujifunza kuishi na wenzake. Mwalike mbwa mmoja mpole wa jirani, wacheze uani kwako. Kadi yake ya chanjo uione kwa macho, usikubali maneno. Mpapase masikioni na katikati ya vidole, kupe hupenda kujificha hapo. Mifupa na bakuli viondoe.

Mbwa anayecheza huinamisha kifua, matako juu, na hukubali kukimbizwa kwa zamu. Akikakamaa na manyoya ya mgongo yakasimama, watenganishe mapema. Wakishikana, wamwagie ndoo ya maji, mkono usiingize. Mtoto aking'atwa, hata mkwaruzo tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki mbili baada ya chanjo ya mwisho, Simba ashuke korongoni. Siku za mwanzo mwanao mkubwa amshike kamba.