Ziwa Tanganyika na misitu yake: maswali yenu

Tangu nilipoandika kuhusu Ziwa Tanganyika na milima ya Mahale, mmenitumia maswali mengi. Naanza na yale yaliyojirudia.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Kila mradi unaokuja mwaloni kwetu unazungumzia miti. Miti inahusiana nini na nyavu zangu? – Mvuvi, Kirando

Inahusiana sana, ndugu yangu. Mvua kubwa ikinyesha, nenda kwenye kijito kinachoshuka kutoka mlima uliofyekwa. Chota maji kwa kikombe cheupe, kiache juu ya jiwe mpaka yatulie, kisha yamwage taratibu. Ule udongo uliobaki chini ya kikombe ndio unaokwenda kulala juu ya miamba ya ufukweni na kufunika mwani ambao samaki wa mawe hula. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na sato, na nyingi kati ya hizo hazipo kwingine kokote duniani.

Dagaa wako huishi maji ya wazi, na adui yao mmoja ni joto. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na virutubisho vingi vimelala huko chini. Upepo wa kusi ukivuma, kati ya Mei na Agosti, huyavuruga maji na kupandisha chakula juu. Lakini maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi, na upepo ukashindwa kuyachanganya. Chakula cha dagaa kinabaki chini.

Na samaki aina ya mgebuka unaokaushwa kwa moshi? Kuni zake zinatoka mlimani.

Walifunga ziwa miezi mitatu. Mume wangu anavua, mimi nauza dagaa. Tule nini? – Mama, Kigoma

Pole, mama. Swali lako ni la haki. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Samaki hawajui mpaka: wakipumzishwa Kigoma huku Kalemie, upande wa Kongo, wanavuliwa, hakuna kilichopona. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa ziwa jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka ya ziwa ina makao yake Bujumbura.

Lakini mkataba hauivishi ugali. Unaloweza kufanya mwenyewe ni kuweka akiba mapema kupitia vikundi vya kuweka na kukopa kama COCOBA, na kuanika dagaa kwenye chanja, yaani jukwaa la kuanikia lililoinuliwa kutoka ardhini. Dagaa walioanikwa mchangani hutafunwa pamoja na chenga za mchanga, na hawafiki bei ya wale wa chanja waliopigwa na upepo juu na chini. Kwangu mimi, serikali inayofunga ziwa inapaswa kukaa na akina mama wauza dagaa miezi mingi kabla, kwa kuwa mtaji wao ndio wa kwanza kukatika.

Mashirika yanakuja kushirikiana na vijiji kulinda msitu. Si njia ya kutunyang'anya ardhi? – Msomaji, Mpanda

Hofu hiyo ina mizizi. Hifadhi ya Mahale ilitangazwa mwaka 1985, na makazi ya zamani ya Watongwe, wenyeji wa eneo hilo, yalibaki ndani ya mipaka yake. Anayewaambia wazee wasiogope hajawasikiliza.

Msitu wa hifadhi wa kijiji, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ni jambo tofauti. Ardhi inabaki ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua. Kwenye milima ya Ntakata, wilayani Tanganyika, vijiji vinauza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kuuacha msitu umesimama ili kaboni iliyomo kwenye miti isiingie hewani, na fedha hizo zimeingia kwenye huduma kama afya na elimu. Nimependa hilo kwa sababu mapato yanaonekana kwa macho.

Hata hivyo, usikubali kwa sababu ya mfano wa jirani. Hudhuria mkutano, omba muhtasari usomwe kwa sauti. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi, mgao wa kijiji ni kiasi gani, fedha zinaingia akaunti ya nani. Kisha nendeni na wazee mkatembee mpaka kwa miguu, alama kwa alama, maana mstari uliochorwa ofisini unaweza kupita katikati ya shamba la mtu.

Kwa nini mradi wa mazingira unaleta uzazi wa mpango? – Mwanafunzi, Morogoro

Mama mwenye uchungu anayesafirishwa usiku kwa boti kutafuta kituo cha afya hana nafasi ya kusikiliza habari za sokwe. Kuzunguka Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya ziwa hili, mradi wa mazingira wa TACARE ulioanza mwaka 1994 ulijikuta ukiongeza maji na afya juu ya miche ya miti, kwa kuwa ndivyo wanavijiji walivyotaka. Mradi wa Tuungane, huko Mahale tangu 2012, uliunganisha shirika la mazingira na shirika la afya ya uzazi. Mwanangu, sharti langu ni moja: kila mama achague mwenyewe.

Kokoro lina ubaya gani hasa? – Kijana, Buhingu

Kokoro ni wavu unaokokotwa kuelekea ufukweni, na samaki wengi wa ufukweni wa Tanganyika hulea mayai mdomoni. Ukikokota jike mmoja, umekokota na kizazi chake. Ndiyo maana limepigwa marufuku. Ukiliona linavutwa, toa taarifa kwa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, cha mwalo wako. Usiende kupambana na wanaolivuta peke yako usiku.