"Biodegradable" na "compostable" si kitu kimoja

Ukiuliza kama maneno haya mawili ya kwenye lebo ni sawa, jibu ni hapana; usiyatumie kana kwamba yana maana moja. "Biodegradable" linasema tu kwamba kitu kinaweza kuozeshwa na bakteria na kuvu. Halisemi kwa muda gani wala katika hali gani. Hata gogo la mti lina sifa hiyo, na linaweza kulala msituni miaka mingi. "Compostable" lina masharti: kitu kioze kiwe mboji, kwa muda uliowekwa, bila kuacha sumu kwenye udongo. Mimi hufuata kiwango cha Ulaya, EN 13432, kinachotaka angalau asilimia 90 iwe imeozeshwa ndani ya miezi 6.

Ila kuna jambo linalowaponza wengi. Kipimo hicho ni cha mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 58 za sentigredi. Mfuko wenye neno "compostable" ukitupwa baharini unaweza kubaki mzima kwa muda mrefu tu, na samaki hawasomi lebo. Kwa rundo la mboji la nyumbani, tafuta palipoandikwa "home compostable".