Usiuamini mstari: chora nondo kwa unene wake

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza chuo mwaka jana ameniandikia: "Shikamoo dada. Ofisini wananiambia kuchora nondo kwa pande tatu ni kupoteza muda, mchoro wa kawaida unatosha. Na programu zenyewe ni ghali. Niendelee au niache?"

Marahaba, mdogo wangu. Endelea. Na kwa kuwa umegusa panapouma, nitakujibu kwa urefu.

Maneno hayo mimi niliambiwa mbele za watu. Tulikuwa kwenye kikao cha saiti, jengo la ghorofa sita hapa Dar es Salaam, nimefungua kompyuta niwaonyeshe kiungo kimoja cha nguzo na boriti. Injinia mmoja mkubwa, ninayemheshimu kwa umri na kwa kazi zake, akatazama kidogo kisha akasema, "Binti, sisi tumejenga miaka yote bila katuni." Watu wakacheka. Nimejitahidi kukisahau kicheko kile, sijaweza.

Sasa sikia kilichokuwa kwenye hiyo "katuni". Nguzo ilikuwa milimita 300 kwa 300, ina nondo nane za milimita 25. Kwa hesabu chuma kilikuwa kama asilimia 4.4 ya eneo la nguzo, na BS 8110, kanuni ya Uingereza ya zege, inaruhusu hadi 6. Boriti nazo zilikuwa na upana uleule wa 300, zinaingia pande zote mbili, kila moja ina nondo nne za 20 juu. Mahesabu yalikuwa safi kabisa. Ndiyo maana nakwambia mahesabu peke yake hayakuokoi.

Kwenye karatasi nondo ni mstari, na mstari hauna unene. Nondo ya 25, ukihesabu na mbavu zake, inafika karibu milimita 28. Chukua nguzo ile, toa kava ya 30, yaani zege linalofunika chuma, na ringi ya 8 inayozifunga nondo, kila upande, inabaki 224. Toa nondo tatu za uso mmoja, zinabaki nafasi mbili za milimita 70. Katika kila nafasi unatakiwa kupitisha nondo mbili za boriti zenye milimita 23 halisi kila moja. Ukizipanga vizuri kabisa, kati ya chuma na chuma panabaki milimita 8. Kokoto yetu ni ya 20. Itapita wapi?

Na hapo nimehesabu boriti ya upande mmoja tu. Nondo za boriti ya upande wa pili haziwezi kukaa usawa uleule, lazima zipite chini ya hizi. Kwa boriti yenye kina cha 450, kushuka hivyo kunakula takribani asilimia 6 ya nguvu yake pale kwenye nguzo, na hakuna aliyekuwa ameipigia hesabu.

Baada ya kikao fundi mkuu wa nondo alinifuata. "Injinia, hebu nionyeshe tena ile." Akaweka kidole kwenye kioo: "Hapa haingii." Kesho yake, bila kutumwa na mtu, akafunga kiungo kimoja chini, kwenye mchanga. Nondo tatu za boriti zikapita kwa taabu. Ya nne ikagoma. Tukamwita mzee, yule injinia wa "katuni". Akainama, akaishika mwenyewe, akaisukuma, akaigeuza, akajaribu upande wa pili. Haikuingia. Akasimama akapangusa mikono, akasema tukae tuzungumze.

Tulibadilisha. Nguzo zikawa 350 zenye nondo nne za 32 kwenye kona, boriti zikawa na upana wa 250 na nondo tatu za 25 juu. Nafasi kati ya nondo za boriti ikafika kama milimita 45, na boriti ambazo nondo zake zinapita chini zikapigiwa hesabu upya. Msanifu alilalamika kuhusu zile milimita 50 za nguzo, tukaelewana. Mwezi huu wamevua fomu za ghorofa ya mwisho na viungo vimetoka vizima, havina matundu hata kimoja. Yule mzee siku hizi hasaini kabla ya kuuliza modeli, ule mchoro wa pande tatu, iko wapi. Kuniomba radhi hajaniomba.

Mchoro usiofungika ukifika saiti, fundi hatalala nao. Atapinda nondo ya nguzo kwa bomba, au ataikata kwa grinda, au ataisukuma nje mpaka kava iishe. Kisha tunamwita mkorofi, na sisi ndio tuliomkabidhi kitu kisichowezekana. Las Vegas kulikuwa na jengo la hoteli, Harmon, ambalo mwaka 2008 liligundulika nondo zake zimefungwa vibaya ghorofa nyingi. Mkandarasi akadai kuna sehemu za michoro zisizojengeka zilivyochorwa. Likapunguzwa ghorofa, wakafikishana mahakamani, na mwisho likabomolewa bila kupokea mgeni hata mmoja. Marekani hiyo, yenye kila kitu.

Kwa hiyo anza na viungo. Usichore jengo zima, hutamaliza na ofisi itapata sababu ya kukukatisha tamaa. Chagua kiungo kilichobanana kuliko vyote, kichore kwa unene halisi na kwa mkunjo halisi, maana nondo ya 25 haikunjwi kama karatasi. Programu kama Tekla na Revit ni ghali kweli, lakini FreeCAD ni bure na ina vifaa vya kuchorea nondo, na Blender ukiiongezea Bonsai inafungua faili za IFC, zile za kubadilishana modeli za majengo kati ya programu, bila kulipa shilingi. Ukimaliza kiungo hicho, chora kingine.

Lakini usiiabudu kompyuta. Agosti 23, 1991, huko Norwei, kitako cha zege cha jukwaa la mafuta la Sleipner A kilizama kwa sababu modeli ya kompyuta ilikadiria nguvu za mkato, zile zinazotaka kuikata zege, pungufu kwa karibu asilimia 47, na nondo za sehemu ileile zilikuwa fupi. Piga hesabu ya mkono kila mara.

Jiji hili limeshazika watu wa jengo la ghorofa 16 lililoanguka Machi 29, 2013, na wa Kariakoo, Novemba 16, 2024. Sababu za majengo kuanguka ni nyingi, na modeli haizuii mtu kuiba saruji wala kuongeza ghorofa bila kibali. Ila kosa la kwenye mchoro ni letu, wewe na mimi. Hatuna wa kumsingizia, na mwenye kuliona akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa ana dhambi kuliko asiyeliona.

Kesho ukifika ofisini usibishane na mtu. Chukua kiungo kimoja cha kazi mnayoifanya sasa, kichore, kisha mpelekee fundi nondo kabla hujampelekea bosi.