Kwa nini maua ya pitaya yangu yanaanguka?

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Masaka. Kando ya shamba langu la matoke nilipanda pitaya, lile tunda la joka, kwa vipandikizi ambavyo jirani alinikatia kutoka katika mmea wake mmoja. Imeparamia nguzo vizuri na imechanua mara nne, lakini kila ua hugeuka njano na kuanguka baada ya siku chache. Muuza dawa anasema ni wadudu. Je, ninyunyizie?

JIBU: Ahsante kwa salamu, na fedha ya dawa ibaki mfukoni kwanza. Jibu limo katika maneno yako mwenyewe: mashina yote yaliyotokana na mmea mmoja, hata yakiwa 20, ni mmea ule ule, na pitaya nyingi, hasa zenye nyama nyekundu, hazishiki tunda kwa chavua zao wenyewe. Zenye nyama nyeupe mara nyingi hujitosheleza.

Jambo la pili ni saa. Ua hilo, ambalo laweza kufikia urefu wa sentimita 30, hufunguka jioni na kunyauka asubuhi, wala halifunguki tena. Kwao, Meksiko na Amerika ya Kati, popo na nondo hulichavusha. Hapa kwetu huenda ukaona nyuki alfajiri, na hao ndio ambao dawa ingewaua.

Tafuta kipandikizi cha aina nyingine, ukiache kivulini siku kadhaa hadi mkato ukauke, maana kikipandwa kibichi huoza. Wakati ukikisubiri kichanue, omba chavua kwa mwenye aina tofauti: kung'uta ungaunga wa njano katika bakuli kavu jioni ile ile ua lako linapofunguka. Kisha toka usiku na tochi. Ndani ya ua utaona nyuzi nyingi za njano, na katikati yake kijiti kinene chenye ncha zilizotawanyika kama vidole. Vidole hivyo ndivyo vya kupakwa kwa brashi laini (watoto huipenda kazi hii kuliko sisi).

Baada ya siku tano hivi, tazama kitako cha ua. Kikibaki kijani na kuanza kuvimba, tunda limeshika, na litaiva baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Likikolea rangi, likate kwa mkasi, usilinyofoe, kwa sababu ganda likichanika pale kwenye kikonyo tunda huoza upesi.