Tangulia wewe, pesa zifuate

Juzi usiku nikiwa nafunga hesabu za siku, ujumbe ukaingia. Kijana yuko Muscat, Oman, kwao Chimala mkoani Mbeya, huu ni mwaka wake wa sita anaendesha gari la tajiri. "Shikamoo dada. Narudi Desemba, narudi moja kwa moja. Nina kama milioni hamsini. Naomba ushauri, ninunue mashine ya kukoboa mpunga ya aina gani?"

Hakuuliza kama anunue. Ameuliza ya aina gani. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia, maana swali hilohilo nililiuliza mimi mwaka 2018, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya wazee kule Reading, Uingereza, saa kumi alfajiri, sare inanuka dawa ya kusafishia sakafu, nimempigia kaka yangu. Na kaka, kwa kuwa ni kaka, alinijibu.

Nimeona jibu la huyu kijana niliandike hapa hapa, maana najua mko wengi. Kila aliye nje ana kamashine kake kwenye simu. Wengine ni shamba la parachichi Njombe, wengine ni lodge Iringa, wengine mipaini Mufindi. Mimi ilikuwa mashine ya mpunga.

Niliondoka 2007 kwa viza ya masomo. Nilisoma nini na nilimaliza vipi tuyaache. Kazi iliyonilisha ni kulea wazee: kuwageuza usiku wasipate vidonda, kuwabadilisha, kuwalisha taratibu. Mshahara ukiingia naugawa mafungu matatu, kodi, nyumbani, mashine. Fungu la mashine sikuligusa hata majira ya baridi nilipokosa nauli nikatembea kwenye theluji na viatu vya raba. Nilikuwa na video moja ya kiwanda fulani huko China, mchele unashuka mweupe kama maji ya Mto Kiwira yanapogonga mawe. Nilikuwa naiangalia kabla ya kulala kama wengine wanavyosoma zaburi.

Kaka akapata kiwanja Igurusi, jirani na Chimala, kando ya barabara kuu, akajenga jengo, akaezeka bati jekundu. Mashine ikatoka China, ikafika Dar, ikapanda hadi huku. Habari za bandarini sizisimulii, zinachosha. Oktoba 2019 nikashuka uwanja wa Songwe na mabegi matatu.

Niliseme hili mapema: kaka yangu hakunila hata shilingi. Hadithi nyingi za waliorudi zina kaka mwizi ndani yake. Yangu ina kaka mwaminifu, mwenye risiti za kila mfuko wa saruji kwenye bahasha ya kaki, na bado nilianguka.

Msimu wangu wa kwanza ulikuwa 2020. Mwezi wa sita mpunga unatoka bonde la Usangu kwa fujo, na mimi nimesimama getini nimevaa aproni mpya. Pawatila zinapita zimejaa magunia. Bodaboda zinapita, gunia mbili mbili. Zote zinafika mbele ya geti langu, zinapunguza mwendo, halafu zinakata kona kwenda ng'ambo ya barabara kwa mzee mmoja mwenye mashine kuukuu inayokohoa kama mgonjwa. Yangu ina greda, inatoa mchele umeshachambuliwa kwa ukubwa. Yake haina kitu. Wiki ya kwanza niliamini nimerogwa, sitanii. Wiki ya pili nilishusha bei. Wiki ya tatu nikafunga khanga, nikachukua kilo mbili za sukari, nikavuka barabara kumsalimia.

Mzee alinipokea vizuri, akanizungusha nyuma ya mashine. Kule nyuma kuna ghala. Magunia yamepangwa mpaka karibu na kenchi, kila rundo lina jina la mtu limeandikwa ukutani kwa mkaa. Akaniambia, "Binti yangu, mkulima haji kwako kukoboa. Anakuja kuhifadhi. Kukoboa kunakuja baadaye, mtoto akidaiwa ada."

Mwenye kujua Usangu atashangaa kwamba nilihitaji kuambiwa. Mwezi wa sita na wa saba mpunga ni mwingi, bei iko chini, hakuna mwenye akili anayeuza wote. Anauleta mashineni, unakaa. Januari shule zikifunguliwa anakuja kukoboa gunia mbili. Akiuguliwa anakoboa moja. Bei ikipanda anakoboa zilizobaki, na wanunuzi wenye fuso wako palepale uwanjani wanamsubiri. Mwenye mashine anapata hela ya kukoboa na pumba za kuuzia wafuga nguruwe, na hata yale maganda magumu yana watu wa kuyabeba kwenda kuchomea matofali. Kila kitu kinaanzia ghalani. Nilijinyima miaka 12 kwa ajili ya mashine, na biashara yenyewe ilikuwa ni kuta nne na paa. Kaka alijenga kile nilichomwagiza. Kuta za ghala sikumwagiza.

Wale wachache walioniletea mpunga nao niliwakimbiza mwenyewe. Nilikuwa nimekuja na kipima unyevu, kidude kizuri, nimesoma kwamba mpunga wa kukoboa uwe kwenye asilimia 14. Kuna mzee hapa kazi yake kuanika na kugeuza, kila mtu anamwita Mzee Turubai. Siku moja kipimo changu kimesema 14 kamili. Mzee Turubai akachukua punje, akaiweka kwenye jino la pembeni, akauma, akasikiliza, akatema.

"Bado?" nikamuuliza.

"Umekauka, mama. Ila umepasuka. Umeanikwa jua la saa saba, tena kwa kutandazwa mwembamba. Ukiukoboa utapata chenga, mchele uliovunjika."

Nikamwonyesha kipimo. Akakiangalia kwa heshima, akanirudishia. Tukakoboa kwa ubishi wangu, na karibu nusu ikatoka chenga. Mwenye mpunga, mama mmoja wa makamo, aliziinua kwenye kiganja, akazimwaga polepole, akalipa bila neno. Hakurudi.

Ndiyo maana nakuambia tangulia wewe, pesa zifuate. Ningekaa msimu mmoja tu pale Igurusi, mikono mitupu, nikigeuza mpunga wa watu kwa reki, yote haya ningeyajua bure.

Na mwaka huo hata Uingereza hakukuwa pa kukimbilia. Mwezi wa nne mwenzangu wa shifti alikuwa amenitumia majina ya wazee wetu waliokufa kwa Corona. Majina saba, na wawili kati yao mimi ndiye niliyekuwa nikiwachana nywele. Nilisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la magunia matupu.

Lakini hasara ya mashine nilishaimeza. Kuna jambo jingine bado limekwama kooni.

Baba alifariki 2013. Pasipoti yangu ilikuwa imo kwenye maombi ya kuongeza muda wa kuishi, na ningeiomba ili nisafiri, maombi yangehesabika nimeyafuta. Sikuja. Nilituma pesa ya jeneza, ya ng'ombe, ya maturubai, ya wapiga tarumbeta. Mazishi niliyaona kwenye simu ya mpwa wangu, ameinyanyua juu, naona vichwa vya watu na migomba tu. Mara sauti ya udongo. Mara mtandao ukakatika.

Sasa niliporudi 2019 tukakaa kikao nyumbani Tukuyu, kuhusu kulijengea kaburi. Mimi nikaanza kusema habari za marumaru, nimeshaulizia bei sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, nalipa mwenyewe. Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, wala hakuwa na hasira: "Mwanangu, wewe baba yako ulimzika kwa simu. Waache waliomzika kwa mikono waseme kwanza."

Shangazi akainama. Kaka yangu, yule mwaminifu, akaanza kuangalia kucha zake.

Mpaka leo sijamsamehe sawasawa. Alikuwa na haki ya kusema, hilo najua. Ila kuna namna ya kumwambia mtu aliyekesha miaka 12 akifuta mate ya wazee wa watu ili ng'ombe wa msibani apatikane. Basi, nimeshasema.

Neno lile ndilo lililonitoa. Baada ya msimu ule mbovu, msiba ukatokea Igurusi, mama mkwe wa mama ntilie mmoja wa stendi. Mashine haina kazi, nikafunga, nikajitanda khanga, nikaenda. Sikwenda kutoa bahasha na kuondoka kama nilivyozoea. Nilikaa mkekani na akina mama, wakanipa ungo nichambue mchele. Mchele wenyewe ulikuwa umekobolewa kwa mzee wa ng'ambo! Nikachambua kimya. Mama mmoja akaniuliza, "Wewe si ndiye wa bati jekundu? Mbona hatukuonagi?" Miezi tisa nilikuwa naishi mita mia mbili kutoka kwake.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Nililala msibani. Nikaenda harusi, nikaenda kipaimara, nikaenda kumwona mzazi na sabuni ya mche. Mwaka 2021 nikauza makochi niliyoyasafirisha kutoka Uingereza, ambayo hata hivyo yalikuwa yameanza kuota ukungu (mvua ya Tukuyu mnaijua), nikaongeza na akiba iliyobaki, nikajenga ghala. Yule mama wa msibani ndiye wa kwanza kuniletea: gunia 14, jina lake nimeliandika mimi mwenyewe ukutani kwa mkaa. Mzee Turubai nikamwajiri. Kipimo kipo kabatini.

Msimu huu ghala limejaa mpaka mlangoni. Jumamosi iliyopita fuso tatu zilipanga foleni kwangu, moja ya wanunuzi wa Tunduma. Na mzee wa ng'ambo, kwake pamejaa, kaniletea gunia 40 nimhifadhie. Nilimpokea kwa soda baridi. Mniache nijisifu kidogo, nimeilipia hiyo haki.

Sasa nisikilizeni vizuri mlio njiani kurudi. Mtu anayerudi na pesa mkononi haoni kitu, anaonekana. Kila anayemsalimia anasalimia mfuko. Anaulizwa maoni kwenye vikao ambavyo hajui vilianza lini. Nyamaza. Njoo miezi kumi na miwili uishi kama ndugu aliyefilisika, ule kande, upande kosta, umwamkie kila aliyekuzidi umri. Pesa ziache benki kwenye akaunti ya muda maalumu usiyoweza kuifungua kwa machozi ya mtu.

Mkiwa bado hukohuko, hesabuni vitu vyenu. Mlio Uingereza, angalieni rekodi ya michango yenu ya National Insurance, ile bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara, kabla hamjakata tiketi. Pensheni ya serikali yao inataka angalau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na 35 ndipo upate yote. Nina rafiki aliondoka na miaka 9. Ukifikisha, unalipwa hata ukiwa Kyela, ila kwa sisi huku kiasi hakipandi kila mwaka kama kinavyowapandia waliobaki. Na kibali cha kuishi kule kwa kudumu kinakufa ukikaa nje ya nchi yao miaka 2 mfululizo. Mimi uraia wao sikuuchukua, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, nikabaki na kibali. Oktoba 2021 kikafa. Siku hiyo nilikoboa mpaka usiku, sikutaka kwenda kulala.

Ukifika tu, tafuta namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Usicheke. Mimi niliwasili wakati ule watu wanasajili laini kwa alama za vidole kabla ya Januari 20, 2020. Sina namba, kwa hiyo sina laini, kwa hiyo sina hata pa kupokelea pesa zangu mwenyewe. Nilikuwa nampigia fundi kwa simu ya mpwa wangu wa darasa la saba, na kila nikimaliza ananiuliza, "Shangazi, salio?"

Hayo mengine yatakuja. Tangulia wewe kwanza.

Nimemjibu kijana wa Muscat. Nimemwambia mashine asinunue ya aina yoyote. Aje mwezi wa tano, si Desemba, kwa sababu Desemba atakuta sherehe na wenye shida, mwezi wa tano atakuta kazi. Nina chumba nyuma ya ghala, kina kitanda na taa. Atageuza mpunga na Mzee Turubai msimu mzima, akijifunza kuuma punje, na jioni atakwenda kwao Chimala kuzika, kuoza, kusalimia.

Akauliza mshahara ni kiasi gani. Nikamwambia chakula kipo.

Tiki zimeshageuka bluu tangu juzi. Hajajibu.