Mikwaruzo ya Duara Kwenye Gari Jeusi: Wasomaji Wanauliza, Mafundi Wanajibu

*Mafundi, habari za kazi. Nina Toyota Harrier nyeusi, namba ya rangi 202. Kivulini inapendeza, lakini ikitoka juani boneti yote inaonyesha mikwaruzo midogo ya mviringo, utadhani utando wa buibui. Niliipeleka kupigwa polishi, ikatoka safi kabisa. Wiki tatu baadaye mikwaruzo yote iko palepale. Imerudije, na kitu gani kinaiondoa kweli?*
Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

Ndugu msomaji, mikwaruzo yako haikuwahi kuondoka. Polishi nyingi za haraka zina mafuta, nta na silikoni ambazo huingia kwenye mkwaruzo na kuujaza, mwanga ukipita usiuone. Ukiosha gari mara kadhaa na jua la Dar likalipiga, kile kilichojazwa kinatoka na mkwaruzo unabaki ulivyokuwa. Siku nyingine, kabla hujamlipa fundi, changanya sehemu moja ya spiriti ya asilimia 70 na sehemu nne za maji, pulizia kipande cha boneti, futa kwa kitambaa laini, kisha mulika kwa tochi ya LED. Mikwaruzo ikijitokeza hapo ulipofuta, ulichouziwa ni kifuniko. Usitumie spiriti kali bila maji, na usiipake kwenye rangi iliyopigwa juzijuzi.

Mikwaruzo yenyewe imekwenda kila upande. Inaonekana ya mviringo kwa sababu jicho linapata mng'ao wa ile tu iliyokaa kuzunguka sehemu linapoakisiwa jua. Kwenye gari jeupe ipo vilevile, ila weupe unaimeza. Nyeusi hairudishi mwanga kutoka ndani, hivyo kila ukingo unaong'aa unajitangaza. Tena nyeusi ya 202 ya Toyota inajulikana kwa ulaini: hata dasta kavu inaichora.

Sasa hesabu ambayo kila mwenye gari aijue. Rangi ya kiwandani yote kwa pamoja, kuanzia praima hadi juu, huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, ni kama maikroni 35 hadi 50 tu ya hizo, na ndilo lenye mikwaruzo yako. Kuondoa mkwaruzo maana yake ni kuikwangua klia inayouzunguka hadi pawe sawa na chini ya mkwaruzo. Polishi nyepesi inakula karibu maikroni 1. Kompaundi kali, yaani dawa inayokwangua kuliko polishi, na pedi ya manyoya inaweza kula 3 au zaidi kwa mara moja. Klia ikikonda mno, jua linaimaliza: inafifia, kisha inabanduka vipande, na hapo dawa ni kupiga rangi upya. Gari la mtumba kutoka Japani huenda limeshapigwa polishi mara kadhaa kabla halijakufikia. Kwa hiyo kanuni ni moja: anza na dawa dhaifu kuliko zote, uongeze ukali pale tu inaposhindwa.

Ukipata fundi mwenye kipima unene wa rangi, apime kila paneli sehemu tano au sita. Ikisoma chini ya maikroni 80, aiache au apige polishi nyepesi tu. Ikipita 200, paneli hiyo ilishawahi kupigwa rangi; ikisoma mamia mengi zaidi, chini kuna bodifila, ile dawa ya kujazia mabonde ya bati. Kipimo cha kawaida hakisomi kwenye bampa la plastiki.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Gari lioshwe kwa shampuu ya magari, si sabuni ya unga. Pulizia dawa ya kuondoa chembe za chuma. Itageuka zambarau kwenye vumbi la breki. Iache dakika 3 hadi 5 bila kukauka, suuza. Kisha pitisha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda, juu ya rangi iliyolowana maji ya shampuu, bila kukandamiza. Klei ikianguka chini, itupe, usiiokote: imeshabeba mchanga. Kausha, uweke gari kivulini hadi bati lipoe, na ufunike kwa tepu ya karatasi mipira, plastiki zisizopakwa rangi na kingo kali za milango na boneti. Kwenye kingo klia ni nyembamba kuliko kwingine kote.

Chagua kipande cha sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti kiwe cha majaribio. Tumia mashine ya DA, ile inayozunguka huku ikicheza, yenye pedi ya inchi 5 au 6. Anza na pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia, mfano Meguiar's M205. Pedi mpya ipakwe polishi uso wote kwanza, baada ya hapo matone 3 au 4 ya ukubwa wa njegere yanatosha kila kipande. Sambaza kwa spidi ya chini, panda hadi namba 4 au 5 ya mashine, sogeza mkono polepole, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Pita mara nne, mbili za kulala na mbili za kusimama. Chora mstari wa kalamu kwenye sahani ya mashine: ukiona mstari haubadiliki mahali, pedi imeacha kuzunguka, inatetemeka tu. Punguza kukandamiza.

Futa, pulizia ule mchanganyiko wa spiriti, mulika. Kwa rangi 202 mara nyingi hapo ndipo kazi inapoishia. Mikwaruzo ikibaki, badilisha pedi kwanza, uweke ya ugumu wa kati, kabla hujabadilisha dawa. Ikigoma bado, ndipo utumie kompaundi, halafu urudi na pedi laini kuondoa ukungu utakaoachwa. Kosa la kawaida ni kukimbilia kompaundi siku ya kwanza kwenye nyeusi laini: mikwaruzo inaondoka, inakuja rangi ya kijivujivu, na fundi anaanza kuificha kwa nta.

Brashi au hewa ipite kwenye pedi kila unapomaliza kipande. Klia iliyokwanguliwa inajikusanya humo, na ndiyo inayochora mikwaruzo mipya. Gari la ukubwa wa Harrier linahitaji pedi zisizopungua 5 na, kwa fundi mtulivu, kazi ya siku nzima. Anayekuahidi kumaliza kwa saa mbili atakuwa amejaza, hajaondoa.

*Habari zenu. Kuna mtu alipitisha ufunguo kwenye mlango wa gari langu jeusi, mstari wa karibu nusu mita. Ukucha unanasa. Nikiukazania kwa kompaundi utaisha?*
Msomaji wa Kasarani, Nairobi

Usiukazanie. Ukucha ukinasa, kwa kawaida kina ni kikubwa kuliko klia unayoweza kuitoa kwa usalama. Lowanisha mstari kwa maji. Ukipotea kabisa, uko ndani ya klia, na fundi anaweza kuulainisha kingo ili usimetemete, ingawa ukiinama utauona. Ukibaki kijivu au mweupe, umefika praima. Ukiona bati, tibu wiki hiihii kabla kutu haijaanza.

Dawa ni kujaza rangi. Kwa Toyota, namba ya rangi mara nyingi imeandikwa kwenye kibao cha nguzo ya mlango wa dereva, baada ya herufi C/TR. Nunua chupa ndogo ya rangi hiyo pamoja na klia. Safisha mstari kwa spiriti iliyochanganywa na maji, weka rangi kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba, subiri nusu saa, rudia hadi ikaribie usawa. Acha ikauke siku nzima, weka klia hadi ivimbe kidogo juu ya usawa, kisha usiiguse kwa wiki moja. Baadaye piga msasa wa maji namba 2000 uliozungushiwa kijiwe kidogo kigumu, juu ya uvimbe tu, ufuate na 3000, mwisho kompaundi na polishi. Wengi huharibu kwa kutumia msasa kwa kidole: kidole kinachimba bonde pembeni ya mstari. Tukuambie ukweli, kwenye nyeusi mstari wa nusu mita ulio katikati ya mlango hauwezi kufichika kabisa kwa njia hii. Ukitaka usionekane, mlango mzima upigwe rangi.

*Je, ni kweli dawa ya meno inaondoa mikwaruzo? Na mafuta ya taa?*
Msomaji wa Sakina, Arusha

Dawa ya meno ina unga wa kusugua, hivyo mkwaruzo mmoja mwembamba inaweza kuufifisha. Lakini unga huo haukutengenezwa kwa klia, na mkono hausugui sawasawa, kwa hiyo kwenye nyeusi utabaki na kiraka cha ukungu kikubwa kuliko mkwaruzo uliokuwa unaufuta. Mafuta ya taa hayaondoi mkwaruzo. Yanaacha utelezi unaong'aa kwa siku moja, yanaondoa nta iliyopo, yanadhoofisha mipira ya milango, na vumbi linaganda juu yake.

*Shikamooni wakuu. Nimeanza kazi ya kuosha magari, na nimefunga pedi ya manyoya kwenye grenda. Magari mekundu yanatoka vizuri, meusi yanatoka na mawimbi yanayotembea mtu akizunguka gari. Nakosea wapi?*
Msomaji wa Igoma, Mwanza

Marahaba. Unakosea kwenye grenda yenyewe. Grenda ndogo ya kukatia chuma inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya kuzunguka inafanya kazi kati ya 600 na 3,000. Kwa mwendo wa grenda klia inaungua kabla hujapepesa jicho, hasa kwenye bampa, maana plastiki haisambazi joto kama bati. Weka grenda pembeni leo, kabla hujalipa boneti ya mtu.

Ukipata mashine ya kweli, kompaundi ipigwe kwa mizunguko 1,200 hadi 1,500, pedi ikilala bapa. Mawimbi unayoyaona ni alama za manyoya zilizopangika upande mmoja, na huzidi ukisimamisha pedi kwa ukingo. Yanaondolewa kwa pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia, mizunguko kama 1,000, au bora zaidi kwa DA. Kila baada ya kipande weka kiganja juu ya bati: usipoweza kukiacha hapo kwa raha, umepitiliza. Na magari mekundu hayatoki vizuri, kijana wetu. Yanaficha tu.

*Nikishapiga polishi, nitaizuiaje mikwaruzo isirudi? Fundi ananishawishi niweke seramiki ya 9H, anasema gari halitachubuka tena. Naishi Nyali, natumia maji ya kisima, na yanaacha madoa meupe.*
Msomaji wa Nyali, Mombasa

Seramiki ni dawa ya maji inayopakwa juu ya klia na kukauka kuwa tabaka gumu. Hiyo 9H ni kipimo cha ugumu kinachofanywa kwa penseli, ngumu kuliko zote katika mfululizo wake, na mchanga unaishinda bila shida. Seramiki inafanya uchafu utoke kirahisi na inalinda klia dhidi ya kemikali na jua. Ni kitu kizuri, lakini haizuii tambara chafu.

Mikwaruzo inazaliwa kwenye kuosha. Mwaga maji kwanza kwa wingi ili mchanga ushuke wenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea, ukianzia juu kushuka. Magurudumu yawe na ndoo na kitambaa chake. Sponji lililodondoka chini lisirudi kwenye gari. Kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta, na dasta kavu juu ya vumbi uipige marufuku.

Madoa yako ni chumvi za kisima. Changanya siki nyeupe na maji ya betri, yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Laza kitambaa kilicholowana juu ya doa dakika 1 hadi 2, bati likiwa baridi, suuza, kisha osha kwa shampuu. Ukibaki na alama ya duara yenye kishimo, chumvi imeshaila klia na itabidi polishi. Osha asubuhi au jioni, na suuza ya mwisho tumia lita 10 za maji ya mvua kwa kopo, kisha kausha papo hapo, ukianza na boneti na paa.